Mweka hazina wangu anaiba pesa za chama na hakuna msomaji anaamini, nisaidieni

nyar_dunga (Kisumu)

Habari zenu wanajamvi. Naandika hadithi, nilidhani itakuwa fupi lakini sai iko kurasa 40 na bado inaenda, ni ya mama anauza omena (dagaa) soko la Kibuye hapa Kisumu, kwa hadithi nimemuita Min Awuor. Yeye ndo mweka hazina wa chama cha akina mama 18, kila mtu anatoa 250 kila wiki, wiki 48, sasa Desemba kabla ya kugawana anatoroka na 216,000 yote. Mimi naona hiyo ni stori tamu kabisa.

Nikaituma kwa grupu yetu ya WhatsApp, watu sita wakasoma na wote sita wakaniuliza kitu kimoja, sasa huyu aliiba kwa nini? Nikawaambia someni ukurasa wa 3, nimeandika "alikuwa mwanamke mwenye tamaa tangu utotoni." Mmoja akanijibu ati hiyo sio sababu, hiyo ni matusi.

Basi nikaenda nikamuongezea shida. Mume anaugua, mtoto ametumwa nyumbani karo, mwenye nyumba amefunga mlango na kufuli lake juu. Nikarudisha kwa grupu. Sasa wanasema imekaa kama tangazo la mchango, wanamhurumia mpaka wanataka kumtumia kitu kidogo, lakini akiiba hawashtuki.

Kuna mtu aliniambia nitumie saikolojia, motisha ya mhusika, sijui piramidi gani. Mimi nilisomea mambo ya biashara. Hii kitu inatumika aje bila hadithi kuanza kunuka notisi za chuo?

mwalimu_webuye

Dada nyar_dunga, hujambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kwanza niombe msamaha kwa niaba ya walimu wenzangu, kwa sababu hilo kosa tuliwafunza sisi. Miaka minne mtoto anajibu "jadili sifa za fulani", anaandika ni mwenye tamaa, ni katili, ni mwenye bidii, anatoa mfano mmoja mmoja na anapata alama. Akikua akitaka kuandika hadithi yake anaanzia pale pale kwenye sifa. Lakini sifa ni kitu msomaji hubandika akishamaliza kusoma. Mwandishi akianza nayo, mhusika anabaki hana kazi ila kuthibitisha alichoitwa, ndio maana anatoka bapa hata ukimpa kurasa mia.

Nikiwa na watoto wa drama hapa shuleni siwaambii "uwe na hasira". Yule Mrusi Stanislavski aliyefundisha waigizaji alitaka mwigizaji ajue anataka nini katika onyesho, na mimi huwauliza hivyo hivyo, unataka nini kutoka kwa huyu mwenzako sasa hivi? Ukijua unachotaka, hasira itakuja yenyewe ukinyimwa.

Nikupe mfano wa huku kwetu Bubukusu, kwa Wabukusu. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili vijana wanatahiriwa. Kijana anazunguka na njuga kualika jamaa, anafika kwa mjomba, asubuhi ya siku yenyewe anapakwa matope mtoni anarudi kusimama mbele ya umati bila kupepesa jicho. Ukiuliza anataka nini kila mtu atakwambia anataka kuwa mwanaume. Haya, chukua wawili wamesimama boma moja. Mmoja kakake mkubwa alitetemeka miaka sita iliyopita na tangu hapo ule mji unachekwa kwa pombe. Wa pili babake alikufa na baba wadogo wanasema chinichini kwamba huyu si wa damu yetu, arudi kwa mamake. Wote watasimama wima na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Lakini huyu wa kwanza akimaliza atamtafuta kakake kwa macho, na wa pili atawatazama baba zake wadogo. Hapo kwenye macho ndipo hadithi ilipo.

Sasa Min Awuor. Hizo laki mbili ni za kununua nini? Jibu lako likiwa na bei dukani (karo, dawa, kodi) basi bado hujafika.

saiko_msoto (Kakamega)

Nilisomea saikolojia nikahitimu, sai nauza kava za simu, kwa hivyo mniruhusu leo digrii ifanye kazi.

Piramidi uliyoambiwa ni ya Abraham Maslow, Mmarekani, aliandika hiyo nadharia 1943. Chakula na usingizi chini, alafu usalama, alafu kupendwa na kuwa na watu wako, alafu heshima, juu kabisa kuwa kile ulizaliwa kuwa. Mchoro wenyewe wa piramidi hakuchora yeye, ulichorwa na watu wengine baadaye, na ndo umeharibu mambo kwa sababu watu wanadhani ni ngazi, ati hupandi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Maslow mwenyewe kwa ile makala alisema mpangilio unaweza kupinduka. Na mtu yeyote wa huku western anajua hivyo bila kusoma. Umeona mtu amekula uji na sukuma kwa wiki tatu lakini matanga ya shemeji yametokea anakopa elfu kumi atoe mbele ya watu, jina lisomwe na spika. Tumbo liko chini kwa piramidi lakini jina limelipita.

Kwa hivyo nyar_dunga kosa lako la pili (mume mgonjwa, karo, kufuli) ni ulirundika kila kitu ngazi ya chini. Njaa haina sura, kila mtu ana njaa sawa. Kuanzia kupendwa kwenda juu ndo watu wanatofautiana.

Mimi huwa natumia zaidi Deci na Ryan, wanasaikolojia wawili. Hao wanasema binadamu ana mahitaji matatu ya nafsi, kujiamulia mwenyewe, kujiona unaweza kitu, na kuwa na watu wanaokujali. Chukua mhusika umnyime moja tu kati ya hizo, zile zingine mbili umwachie. Mama anapendwa na watu wote, anajua biashara, lakini tangu aolewe hajawahi kuamua kitu hata rangi ya pazia. Huyo akishika 216,000 mkononi sio pesa anashika. Ni mara ya kwanza mtu amemwachia kitu aamue.

kaptembwo_finest (Nakuru)

Sasa nyinyi mnampeleka mama wa watu kliniki 😂

Heshima kwa mwalimu na kwa msomi wa kava lakini mimi nasoma sana hadithi za watu humu mtandaoni na hii motisha imekuwa ugonjwa. Kila mtu mbaya siku hizi alipigwa na babake. Unasoma jambazi anaingia kwa nyumba na bunduki, unataka kujua kama atapiga, mwandishi anakurudisha 1998 jambazi akiwa na miaka 7 analia nyuma ya choo. Kurasa nne! Ukirudi kwa bunduki chai imepoa. Alafu maisha yenyewe hayaendi hivyo, mimi nabeba watu na boda kutoka Kaptembwo mpaka tao kila siku na nakwambia nusu ya vitu watu wanafanya hawajui kwa nini wanafanya. Juzi nimegombana na mtu juu ya shilingi kumi, kumi! na nikamwachia chenji ya hamsini niende. Nielezee hiyo na piramidi.

Mwacheni aibe tu. Siri ni tamu kuliko sababu.

saiko_msoto (Kakamega)

@kaptembwo_finest hiyo ya kumi na hamsini naielezea bila piramidi, hukutaka kumi, ulitaka asikuone fala. Na hukujua wakati unafanya. Lakini aliyekuwa amesimama kando angejua, na mwandishi ndo huyo wa kando. Mhusika anaweza kuwa gizani, mwandishi hana ruhusa.

Ya utotoni nakubaliana na wewe kabisa. Kuna mama mmoja mwanasaikolojia anaitwa Mary Ainsworth, kabla hajajulikana alikuja hapa jirani Uganda, 1954 na 1955, akawa anaenda vijiji karibu na Kampala anakaa kwa nyumba za watu anaangalia tu watoto wachanga na mama zao. Hakuwauliza watoto historia yao (hata hawaongei). Aliangalia mama akitoka mtoto anafanya nini, mama akirudi anafanya nini. Mwingine analia alafu anatulia akibebwa, mwingine analia hata akiwa amebebwa. Mwandishi angefanya hivyo tu. Wacha kuniambia Min Awuor aliachwa kwa dani (nyanya) yake akiwa na miaka miwili. Nionyeshe mwenyekiti wa chama akisema "nakuja, ngoja kidogo", alafu nionyeshe Min Awuor anaangalia mlango mara ngapi.

Na hii ya "tamaa". 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliandika kuhusu kosa ambalo sote tunafanya, mwingine akikosea tunasema ndivyo alivyo, tunasahau hali iliyomlazimisha. Ukurasa wako wa 3 ni jirani anaongea. Min Awuor mwenyewe hajawahi kujiita mwenye tamaa hata siku moja, yeye anajua kabisa ni mtu mzuri mwenye wiki mbaya.

mama_floti (Ahero)

Nimesoma hapa kimya siku mbili nikaona niandike tu kwa sababu hakuna mtu ananijua.

Mimi nilikuwa mweka hazina. Sio hadithi. Sitataja chama, tulikuwa wengi kidogo kuliko hao wenu, na niko na kibanda cha M-Pesa ndo maana walinichagua, walisema huyu amezoea pesa za watu. Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa jioni floti (pesa ya kuendesha M-Pesa) imeisha na watu wamepanga laini na naona wanaanza kuhamia kibanda cha pili, nikachukua 3,000 ya chama nikaweka, Jumatatu nikarudisha yote na hakuna mtu alijua. Mkiniuliza siku mbaya ni gani, ni hiyo Jumatatu nilirudisha. Ingepotea hiyo siku ningeogopa nikaacha. Sasa nikajua inawezekana, na kichwani mwangu sikuiba, nilikopa, na mtu anayekopa na kurudisha ni mwaminifu si ndio? hata nikajisikia mwaminifu kuliko wengine.

Ikaenda hivyo, tano, nane, narudisha sita nachukua tisa. Kitabu cha chama nilikuwa naandika na biro kama kawaida lakini nikaanza kuandika kwanza na penseli alafu biro juu "nisikosee". Na kitu kingine ambacho mpaka leo kinanishangaza, nilikua mkali. Kabla ya hapo mtu akichelewa mkutano tulikuwa tunacheka, mimi ndo nikaleta faini ya 50 kwa kuchelewa, nikaleta ya simu ikilia. Kuna mama mmoja alichelewa kwa sababu ya mtoto mgonjwa na nikamtoza, nikamwambia sheria ni sheria. Wakati huo nilikuwa nimekula 41,000.

Msomi wa kava umesema jina kusomwa na spika. Hapo ulinigonga. Matanga ya shemeji yangu nilitoa 10,000 ya chama. Mimi niliolewa nikiwa sina kitu, sanduku moja, na watu wa mume wangu walikuwa wanalikumbusha hilo sanduku kila sherehe kwa utani. Siku hiyo jina langu lilisomwa la tatu. Nilikula wali na nyama ya pale na nilisikia utamu, nisidanganye.

Sikutoroka. Nimefikiria sana hiyo hadithi yako dadangu, mimi naona hatoroki, sio kwa hiyo sababu. Atoroke aende wapi ambapo anajulikana? Pesa yote ilikuwa ni ya kukaa pale pale mbele ya watu wale wale. Niliuza friji, nikaenda kwa mwenyekiti usiku siku mbili kabla ya kugawana, nikalipa zingine kwa miezi saba. Hawakunifukuza. Walisema niendelee kuja mikutano, nikae, nisiongee mambo ya pesa. Hiyo ndo ilikuwa adhabu.

kaptembwo_finest (Nakuru)

Pole mathe. Na asante.

Nafuta ile ya "mwacheni aibe tu". Hiyo faini ya 50 imenimaliza.

saiko_msoto (Kakamega)

Mama, pole sana na umeandika kitu tulisoma muhula mzima. Mwanasaikolojia Leon Festinger, 1957, anasema mtu hawezi kukaa na mawazo mawili yanayogombana, mimi ni mwaminifu / nimechukua pesa, lazima moja ibadilike, na kitendo hakibadiliki maana kimeshafanyika, kwa hivyo linabadilika neno: kuiba inakuwa kukopa. 1959 yeye na mwenzake Carlsmith waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha kabisa, kuzungusha vijiti kwa ubao, alafu wakawaomba wamdanganye anayefuata kwamba ilikuwa tamu. Wengine walilipwa dola 20 na wengine dola 1. Baadaye wakaulizwa ukweli, wale wa dola 1 ndo walisema kazi ilikuwa afadhali! Wa 20 wana sababu ya kudanganya, wa 1 hawana, ikabidi waamini uongo wao.

Ndo maana nyar_dunga usimpe Min Awuor sababu kubwa mwanzoni. Mume mgonjwa ni dola 20. Sababu ikiwa kubwa hahitaji kujidanganya. Mpe 3,000 ya Ijumaa.

Alafu wanasaikolojia wengine, Kahneman na Tversky, 1979, walisema kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha, na mtu akishakuwa chini anakubali kucheza pata potea ambayo akiwa juu asingeigusa. Mtu yuko na deni la 41,000 anaona bora ajaribu kitu cha kurudisha zote kwa siku moja. Hapo ndo mtu mwangalifu anafanya upuzi na msomaji anamwamini.

nyar_dunga (Kisumu)

Mama floti nimesoma yako mara tatu, nashukuru sana na sitaiba maisha yako, nitabadilisha. Mwalimu nimekujibu sasa: zile pesa ni za kununua asiitwe "yule wa sanduku". Kwangu sio sanduku, Min Awuor alirudi nyumbani kwao baada ya ndoa kuvunjika na nyumba yake imejengwa karibu na geti, kila mgeni akiingia anaulizwa "na huyu?"

Nimefuta ukurasa wa 3 wote. Nimeanza hivi:

"Mwezi ulikuwa mpevu, ziwa linang'aa kama sahani. Mashua za omena ziliingia usiku ule zimejaa. Min Awuor alihesabu pesa za chama mara mbili kwa mwanga wa mwezi, akatoa elfu tatu, akazifunga peke yake kwa kitambaa cha bluu. Za chama zilikuwa kwa kitambaa chekundu. Alihisi hatia kubwa moyoni. Kesho yake alimtoza Nyar Seme faini ya hamsini kwa kuchelewa."

mwalimu_webuye

Futa "alihisi hatia kubwa moyoni". Vitambaa viwili vimeshasema, kwamba bado anazitenga maana yake bado anajiambia atarudisha. Siku atakapozichanganya kwa kitambaa kimoja usiandike kitu kingine chochote kwenye huo ukurasa.

Ile nyumba karibu na geti ni nzuri mno, isichelewe kuja.

ja_mbita

Samahani kuingilia, mimi si mwandishi mimi ni mvuvi. Hakuna mtu anaenda omena mwezi ukiwa mpevu. Omena inavuliwa kwa taa usiku wa giza, taa ndo inaita samaki, mwezi ukiwaka hivyo taa inaangazia nani? Hiyo wiki mashua zimelala mchangani na watu wanashona nyavu. Mashua "zimejaa" usiku huo hata mtoto wa Mbita atafunga hicho kitabu.

nyar_dunga (Kisumu)

Aki mimi na jina langu la Dunga 🙈 aibu gani hii.

Lakini ngoja. Kama wiki ya mwezi hakuna omena, basi hiyo wiki hana mzigo, hauzi kitu, na chama bado kinataka 250, na wale wengine 17 ni wa mboga na mitumba wao wanatoa kama kawaida. Yeye mweka hazina ndo hana. Kila mwezi. Si hapo ndo anachukua ya kwanza, anajiwekea 250 yake mwenyewe kutoka kwa pesa zao?

kaptembwo_finest (Nakuru)

Sio elfu tatu tena. Mia mbili hamsini!! Hiyo naamini mpaka kesho.

saiko_msoto (Kakamega)

Dola 1.

nyar_dunga (Kisumu)

Narudi kuandika. Mama floti swali moja tu kama hutajali, ile penseli, ulikuwa unaiweka wapi?

mama_floti (Ahero)

Kwa sidiria, nyathina (mtoto wangu). Biro ndo ilikuwa inakaa mezani mbele ya kila mtu.